Kwa Nini Kuku Hutaga Sakafuni?

Mfugaji ameweka viota bandani, lakini kila asubuhi huokota mayai kwenye pembe za banda, mengine yamechafuka kwa kinyesi, mengine yamedonolewa. Aghalabu kuku hulaumiwa kuwa ni mjinga. Lawama hiyo haina msingi.

Tangu kiini kitoke katika ovari hadi yai litagwe hupita takriban saa 24 hadi 26, na nyingi kati ya hizo hutumika kutengeneza ganda. Kifuko kilichohifadhi kiini hubaki tupu katika ovari. Katika miaka ya 1960, Wood-Gush na Gilbert, watafiti wa Edinburgh, waliondoa kifuko hicho kwa upasuaji, na kuku hakutafuta tena kiota kama ilivyo kawaida. Aidha, kuku ambaye kiini chake kimeangukia tumboni badala ya kuingia katika mrija wa mayai hutafuta kiota siku ya pili, ingawa hana yai la kutaga. Ni dhahiri, basi, kwamba kinachomsukuma si yai lenyewe, bali ni homoni zinazotokana na kifuko kilichopasuka jana yake.

Msukumo hutoka ndani ya mwili, lakini mahali huchaguliwa. Kuku hupendelea penye kificho, mwanga hafifu na kitu laini cha kuparura. Ikiwa pembe ya banda ina giza kuliko kiota, pembe ndiyo itakayochaguliwa. Akikosa mahali panapofaa, huhangaika huku na huko, na hata huchelewa kutaga. Umoja wa Ulaya ulizingatia mahitaji hayo katika sheria yake ya mwaka 1999, iliyopiga marufuku vizimba vitupu visivyo na viota kuanzia Januari 2012.

Yafaa viota viwekwe wiki kadhaa kabla mitetea haijaanza kutaga, kwani mazoea ya mwanzo ni magumu kuyavunja. Kiota kimoja chatosha kuku wanne au watano. Kiwe na kivuli, kitandikwe maranda makavu, na kifungwe usiku ili kisigeuzwe malalo. Pembe zenye giza ziangazwe, na mayai ya sakafuni yaokotwe mapema, maana yai moja huwaita kuku wengine kutaga papo hapo.

Wanafunzi wenye banda shuleni waweza kulipima jambo hili: wahesabu mayai ya sakafuni kwa wiki mbili, wafunike viota kwa pazia la gunia, kisha wahesabu tena.