Saa sita ya jirani yangu

Jumapili moja asubuhi, kwenye maegesho matupu ya kanisa nje kidogo ya jiji la Minneapolis, nilimwambia mke wangu ashike usukani kwenye saa sita. Akashika juu. Nikamwambia, "Haya, rudi, mkono upeleke kushoto, polepole." Akaupeleka kushoto, tela likaenda kulia. Likapanda koni ya plastiki tuliyoisimamisha badala ya mti, likailaza, likaanza kuitafuta ya pili.

"Si umesema saa sita, Baba Zuhura?"

Kweli nilisema. Jana yake jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyevuta matela ya kulala tangu watoto wake wakiwa wadogo, alinipa kanuni ambayo huku kila anayeanza hupewa: ukirudi nyuma na tela, usishike usukani juu, shika chini, kwenye sita. Mkono ukienda kushoto, tela linaenda kushoto. Ukienda kulia, nalo kulia. Sita yake ni ile iliyoandikwa chini kwenye uso wa saa. Saa sita ya Mswahili mshale uko juu kabisa na jua liko utosini. Nilitafsiri neno nikaisahau saa, na aliyeumia ni koni.

Tela lenyewe ni la mkono wa pili, futi 21, yaani mita sita na ushee. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, choo, na meza ambayo usiku inageuka kitanda cha mtoto. Tulilinunua kwa sababu Mama Zuhura amechoka na hoteli ambazo huwezi kusonga ugali. Mimi sikubisha. Nilijua kuendesha, leseni ninayo tangu Tanga, na nilijiona mtoto wa nyumbani katika mambo ya matela: baba yangu mdogo aliendesha lori la tela kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na likizo mbili za shule alinichukua nikawa utingo wake wa bure. Kumbe kukaa kwenye lori si kulijua lori.

Kwenda mbele na tela hakuna maajabu, ilimradi ukumbuke kwamba kwenye kona magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Yanakata ndani. Basi unachelewa kukunja, unaingia upana, unaliacha tela lipate nafasi yake. Nilipanda ukingo wa barabara mara moja, sikurudia.

Kurudi nyuma ndiko kuliko na elimu. Gari linaposukuma tela, kila kitu kinageuka. Ukikunja usukani kulia, kitako cha gari kinakwenda kulia, kinausukuma mdomo wa tela kulia, na mkia wake unatupwa kushoto. Aliyekulia pwani ameshaliona jambo hili hata kama hajawahi kukalia kiti cha dereva. Mwenye mashua akitaka kwenda kulia husukuma kana, ule mti wa kushikia usukani wa chombo, kuelekea kushoto. Hakuna nahodha anayefikiria kulia na kushoto pale; mkono umeshazoea. Nilipoacha kufikiria gari nikafikiria mashua ya Pangani, nusu ya tatizo iliondoka.

Nusu iliyobaki ni kulifuata. Hili jirani alilirudia mpaka nikalichoka, na ndilo lenye maana kuliko hiyo kanuni ya sita. Ukishalikata tela likaanza kuelekea unakotaka, halitabaki hapo likikusubiri. Litazidi kujikunja, kwa sababu gari bado linausukuma mdomo wake pembeni. Kwa hiyo kabla halijakunjika unavyotaka, unaurudisha usukani upande wa pili ili gari lipinde nyuma yake na kulifuata. Ukichelewa, pembe ya tela inakuja kuonana na bampa lako, na hapo wala usijaribu kuokoa kwa usukani. Simama, songa mbele, nyoosha, anza upya. Wanaoanza wanaona aibu kusonga mbele, kana kwamba wamekiri kosa. Madereva wa Tunduma husonga mbele mara tatu, mara nne, na hakuna anayewacheka.

Jambo jingine lililonishangaza: tela fupi ni gumu kurudisha kuliko refu. Lile dogo la kubebea nyasi, ambalo mtu anadhani ndilo la kujifunzia, hugeuka ghafla kama mbuzi. Refu linachelewa kuitikia, linakupa muda wa kujirekebisha. Na gumu kuliko yote, nadhani, ni puling, tela lenye ekseli inayozunguka mbele, ambalo lina maungio mawili ya kukunjika badala ya moja. Hapo kinyume kinageuzwa kinyume tena. Baba mdogo alikuwa akirudisha puling kwenye ua wa ghala huku anatafuna muwa, na mimi miaka yote hiyo sikuona kwamba kuna kazi inafanyika.

Ukiacha usukani, kuna kufunga, nami nitakupitisha haraka. Nyuma ya gari kuna tufe la chuma, kubwa kama chungwa dogo, na mdomo wa tela unalikalia na kulibana. Hayo matufe yana vipimo tofauti, na lisilolingana na mdomo litachomoka barabarani. Minyororo miwili hupishanishwa chini ya mdomo, ili ukichomoka udakwe usichimbe lami. Kuna plagi ya pini saba ya taa na breki, na kuna waya mwembamba ambao tela likikatika unavuta pini, breki za tela zinajishika zenyewe kwa betri yake. Magurudumu yakishafungwa upya, unasimama baada ya maili 50 hivi ukakaze nati tena.

Safari ya kwanza tulikwenda hifadhi ya Itasca, kama kilomita 350 kaskazini magharibi, mahali unapoanzia mto Mississippi. Tulikuwa kwenye barabara kuu, mwendo wa kilomita 95 kwa saa, lori refu lilipotupita. Upepo wake ukalisukuma tela. Nikadhani limeisha, kumbe ndiyo kwanza linaanza: mkia ukaenda kulia, ukarudi kushoto, kila safari kwa upana zaidi, na usukani mkononi mwangu ukawa mwepesi kwa namna ambayo sikuipenda. Mama Zuhura akaacha kuongea katikati ya sentensi.

Mguu wa mtu aliyeogopa unakimbilia breki. Jirani alikuwa ameniapisha nisifanye hivyo, kwa kuwa gari likishikwa breki ghafla tela linakuja kulisukuma kwa nyuma. Nikaachia mafuta, nikashikilia usukani pasipo kushindana nalo, nikabana kile kiswichi kidogo chini ya dashibodi kinachoshika breki za tela peke yake. Tela likajivuta kwa nyuma, likanyooka kama kamba. Labda ni sekunde sita zote hizo. Nilitoka barabarani kwenye kituo cha kwanza cha mafuta.

Kosa lilikuwa letu. Mama Zuhura alipanga mizigo kama anavyopanga stoo: vizito nyuma, visisumbue mlango. Gunia la mkaa, jiko, unga kilo 20, kreti mbili za soda na baiskeli ya mtoto, vyote mkiani. Inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lote uelemee kwenye tufe. Pungufu ya hapo mkia unamtawala mwenye mkia. Letu likishapakiwa lina kama kilo 2,300, kwa hiyo mdomo unapaswa kukalia kilo 230 hadi 345. Tulihamisha kila kitu mbele ya magurudumu, watu wakitutazama tukibeba gunia la mkaa kupita kwenye pampu za mafuta kama wakimbizi, na tela halikuyumba tena.

Siku hizi kabla ya safari ndefu napitia mizani. Huku vituo vya malori vina mizani ambayo mtu yeyote analipa na kupimwa kwa hiari yake, ekseli kwa ekseli. Nilipomwambia baba mdogo kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Maisha yake yote barabarani mizani ilikuwa kitu cha kuombea dua, na mwanawe analipa akaitafute.

Itasca ilianzishwa mwaka 1891, na nafasi zake za kuegesha tela zimepangwa chini ya misonobari mirefu, nyingi za kuingia kwa kurudi nyuma. Yetu ilikuwa upande wa kulia. Nilijifunza gari nikiwa nimekaa kulia. Huku dereva anakaa kushoto, na kurudisha tela kulia maana yake linajikunja upande usiouona. Kioo cha kulia kinakuonyesha ubavu wa tela. Cha kushoto kinakuonyesha miti. Na watu wamekaa mbele ya matela yao, viti vya kukunja, kahawa mkononi. Kuangalia wageni wakiegesha ndiyo sinema yao ya jioni.

Kabla yetu waliingia mume na mke, vijana, na nilishuka kutazama. Mke amesimama nyuma, anapunga mikono yote miwili. "Huku! Huku!" Mume hajui huku ni wapi. "Kushoto kwangu au kwako?" Akajibiwa, "Kushoto!" Kisha mke akaingia nyuma ya tela kabisa, mahali ambapo vioo havimfikii, akaendelea kupunga. Mume akaendelea kurudi. Walipomaliza, tela limekaa mshazari na wao hawasemeshani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka utingo, na kuona kwamba kitu nilichokiona kidogo kwa baba mdogo ndicho kilichokuwa kikubwa. Wakenya humwita taniboi, na huko na huku watu humdhania mbeba mizigo. Lakini utingo ana lugha. Kwenye lori letu maneno hayakuzidi sita: njoo, bado, kata, fuata, nyoosha, hapo. Upande haukutajwa kwa kulia na kushoto, ulitajwa kwa kitu: kata kwenye ghala, kata kwenye mwembe. Hakuna anayeuliza mwembe ni wa nani. Kofi moja kwenye bodi, simama, mawili, twende. Na amri moja ilipita zote: nikikupoteza kwenye kioo, nasimama, hata kama nyuma ni uwanja wa mpira. Jirani yangu ana kamera mbili nyuma ya tela lake na bado anashuka kutazama kwa macho, tena anatazama na juu, maana matawi hayaonekani kwenye kamera ya chini.

Jirani huyohuyo ana ukutani picha ya msafara ambao Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matela ya Airstream, aliuongoza mwaka 1959: matela 41 ya bati la kung'aa, kutoka Cape Town hadi Cairo. Kila nikiitazama siyafikirii matope wala simba. Nafikiria matela 41 jioni, kila moja linatafuta pa kukaa, na nani alikuwa anapiga kofi.

Mama Zuhura alishuka. Tulitembea ndani ya nafasi yetu, tukatazama nguzo ya umeme, jiwe, tawi. Tukakubaliana: upande mmoja ni jiwe, mwingine ni nguzo. Nikasogea mbele mpaka mkia wa tela ukapita mlango wa nafasi, nikashika usukani chini.

"Njoo. Njoo. Kata kwenye jiwe." Nikakata. "Bado... bado... fuata!" Nikafuata, tela likaanza kuingia. Halafu likazidi. "Simama. Nenda mbele." Nikaenda mbele, mita tatu, wanywa kahawa wakitazama. Mara ya pili nilimpoteza kwenye kioo nikasimama, akasogea, tukaendelea. Mara ya tatu likaingia, nyoosha, nyoosha, kisha kofi moja kwenye bodi, zito, mpaka Zuhura akaamka kwenye kiti chake. Akachukua jiwe, jiwe la kweli, akalitia nyuma ya tairi, ingawa vizuizi vya plastiki vya dola kumi vilikuwa ndani ya boksi.

Asubuhi yake, kabla hatujaenda kuuvuka Mississippi kwa kukanyaga mawe, wale vijana walikuwa wanahamia nafasi nyingine. Yule mke akaja akamwomba Mama Zuhura awasimamie. Alikwenda na kikombe chake cha chai. Nilimsikia anaanza kwa Kiingereza, anasita, kisha: "Njoo. Njoo. Bado." Kijana kwenye usukani hakuuliza maana yake. Alikuwa anamtazama kwenye kioo, na kila "bado" alirudi hatua moja.

"Baba Zuhura," akaniita bila kugeuka, "hawa 'fuata' niwaambieje?"

Nilikuwa bado nalitafuta neno alipopiga kofi.