Figo za mtoto hujengwa tumboni



Katika vikundi vya akina mama tunavyovitembelea kandokando ya ziwa tunaulizwa mara kwa mara: mama akikosa chakula bora akiwa mjamzito, si mtoto atanenepa akishazaliwa? Uzito unaweza kurudi. Viungo vingine havingoji.

Tuchukue figo. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana vya kusafisha damu, kwa wastani kama milioni moja. Hutengenezwa tumboni, vingi katika miezi mitatu ya mwisho, na kazi hiyo hukoma karibu na wiki ya 36. Baada ya hapo havipatikani vingine, hata mtoto ale vizuri namna gani. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 mara nyingi huwa na vichujio pungufu. Hivyo vichache hubeba mzigo wa vyote, huchoka mapema, na ukubwani presha hupanda.

Uholanzi jambo hili lilionekana wazi. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, Wajerumani walizuia chakula na watu wakafa njaa. Waliokuwa tumboni katika miezi ya kati ya mimba wakati huo walipimwa wakiwa na miaka kama 50. Wengi wao kuliko wenzao walikutwa na protini kwenye mkojo, dalili ya figo kuchoka.

Kwetu hakuna vita. Mama mjamzito anaanika dagaa mchangani tangu asubuhi, jioni anakula ugali wa udaga na mchicha. Dagaa wameuzwa, na sehemu kubwa huishia kuwa chakula cha kuku. Minofu ya sangara inakwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki. Hatumlaumu mama huyo, maana sare za shule zinatoka humo humo. Tunachokilaumu ni kipande kikubwa kuwekwa kwenye sahani ya baba, na mjamzito kukatazwa mayai eti mtoto atazaliwa kipara.

Kopo moja la dagaa lisiuzwe. Wakiliwa wazima na mifupa yao, wanampa mama protini, kalsiamu na madini ya chuma. Kliniki aanze kabla ya wiki ya 12 ili apate mapema vidonge vya kuongeza damu. Uzito wake huandikwa kwenye kadi kila hudhurio. Usipoongezeka, baba naye aende akaelezwe.