Kisigino au Hasira? Udhaifu wa Shujaa Achilles

Mwalimu anapowauliza wanafunzi wataje sifa za shujaa wa mighani, jibu hili halikosi: shujaa huwa na nguvu zisizo za kawaida na udhaifu mmoja uliofichika. Mfano wa mbali unaotolewa aghalabu ni Achilles wa Ugiriki, aliyeuawa kwa kufumwa mshale kisiginoni. Wapo wanaoongeza kwamba hivyo ndivyo asemavyo Homer katika Iliad. Mimi nami nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, hadi nilipousoma utendi wenyewe. Makala haya yananuia kulirekebisha kosa hilo na kuonyesha kwamba udhaifu wa shujaa huyu ni mzito kuliko kisigino.

Kwanza, Iliad haisimulii kifo cha Achilles. Utendi huo wenye sehemu 24 na mishororo zaidi ya 15,000 unakomea kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troy. Kifo cha Achilles kinatabiriwa tu. Aidha, Homer hamchori kama mtu asiyepenywa na silaha. Katika sehemu ya 21, mkuki wa Asteropaeus unamkwaruza mkono na damu inamtoka. Kisa cha mamake, Thetis, kumchovya katika mto Styx tunakipata kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, mamia ya miaka baada ya Homer. Waandishi waliofuata ndio walioeleza kuwa kisigino hakikuguswa na maji hayo.

Je, udhaifu wake katika Iliad ni upi? Ni hasira, na hilo ndilo neno la kwanza kabisa la utendi huo katika Kigiriki. Agamemnon, kiongozi wa majeshi ya Wagiriki, anamnyang'anya Briseis, mateka aliyetunukiwa Achilles vitani. Kwa kuona amevunjiwa heshima hadharani, Achilles anasusia vita, na wenzake wanauawa kwa wingi. Sahibu yake, Patroclus, anavaa mavazi yake ya vita, anaingia uwanjani na kuuawa na Hector. Hapo hasira inabadili mkondo: Achilles anamuua Hector, kisha anaiburura maiti yake nyuma ya gari la farasi. Hasira hasara.

Kilele kimo katika sehemu ya 24. Mfalme Priam, babake Hector, anaingia usiku katika kambi ya adui na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Achilles anamkumbuka babake mzee, Peleus, aliyemwacha nyumbani. Wote wawili wanalia, kisha maiti inarejeshwa ikazikwe. Yamkini huu ndio ushindi mkubwa zaidi wa Achilles, kwani hapa anaishinda nafsi yake.

Ufahamu huu unatufaa hata tunapofundisha Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913. Wanafunzi wengi huweka kitovu cha Liyongo kando ya kisigino cha Achilles, wakaishia hapo. Tuwaulize zaidi: je, sindano ya shaba ingekifikia kitovu kama Liyongo hangemwamini mwanawe na kumfichulia siri? Kitovu ni mahali pa jeraha tu. Kilichomfungulia adui mlango ni imani ya mzazi kwa mwanawe, naye mwana alikuwa ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme.

Ni bora basi, mwanafunzi anapotaja udhaifu wa shujaa, tumtake atofautishe mambo mawili: palipojeruhiwa mwili, na kilichoiponza nafsi. La kwanza hukaririwa. La pili huhitaji kusoma na kufikiri. Wanafunzi wetu hawana visigino vya kimiujiza, lakini hasira wanazo, na watu wanaowaamini wanao. Hapo ndipo shujaa wa kale anapowafaa.