Kivuli Kidogo, Hasara Kubwa

Mwenye paneli za jua Kibarani, Mombasa, ana maadui wawili: vumbi la malori ya bandarini na kivuli cha jengo la jirani. Mkulima wa skimu hana ghorofa mbele ya nyumba yake, lakini ana mwembe na minazi. Hasara ni ile ile.

Wengi hudhani kwamba paneli moja ikiingia kivulini, hupungua nguvu hiyo moja tu. Sivyo. Paneli zilizofungwa kwa mfululizo ni kama watu wanaopokezana madebe ya maji kutoka kisimani. Mmoja akilegea, wote humngoja.

Tufanye hesabu. Una paneli 6 za wati 400 kila moja, jumla wati 2,400. Kivuli kikiipunguza moja hadi nusu, mfululizo wote waweza kushuka hadi wati 1,200. Paneli nyingi zina dayodi ndani, ambazo huupitisha umeme kando ya sehemu yenye kivuli. Hapo utabaki na wati 2,000, maana paneli ile imerukwa.

Optimaiza ni kisanduku kinachofungwa nyuma ya paneli, ili kila moja itoe kadiri iwezavyo bila kuzichelewesha nyingine. Kwa hicho utapata karibu wati 2,200.

Angalieni basi: kimeongeza wati 200 tu juu ya kazi ya dayodi, na kwa saa za kivuli peke yake. Hakiumbi umeme, wala hakiondoi vumbi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mkulima afanye haya:

Kwanza, aoshe paneli asubuhi zikiwa baridi, kwa maji safi na kitambaa laini.

Pili, achunguze kivuli mwaka mzima. Huku pwani jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi wa Juni, na upande wa kusini mwezi wa Desemba. Mti usiodhuru Juni waweza kudhuru Desemba.

Tatu, akate tawi. Kama ni mwembe uzaao vizuri, ahamishe paneli.

Nne, kivuli kikiwa hakiondoki, hapo optimaiza yafaa. Amwite fundi mwenye leseni ya EPRA, ahakikishe kwamba inapatana na inveta iliyopo. Asifungue nyaya mwenyewe: paneli zina umeme wakati wote wa mchana, hata swichi ya nyumba ikizimwa.

Huenda panga likatosha. Anzeni nalo.