Mabadiliko ya Kanieneo na Utambuzi wa Hali za Mtiririko katika Tabaka Bubujiko

Mwaka 1955 Mathur na Gishler, watafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, walichapisha maelezo ya mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya kukaushia ngano. Katika makala haya mbinu hiyo inaitwa tabaka bubujiko. Hewa huingizwa kupitia tundu moja lililo chini ya chombo, ikatoboa njia katikati ya punje na kuzibeba hadi juu. Huko punje hutawanyika mithili ya maji ya chemchemi, kisha hushuka polepole pembezoni na kuingia tena katika mkondo.

Utaratibu huo una mipaka. Kasi ya hewa ikiwa ndogo, punje hutulia tuli. Ikizidi, au kina cha tabaka kikipita kiasi, mkondo wa katikati huvunjika na kuacha mapovu, pengine mabonge ya hewa yanayojaza upana wote wa chombo na kuzisukuma punje juu kama pistoni. Hapo nafaka nyingine huungua na nyingine hubaki mbichi. Maabarani chombo cha kioo hudhihirisha hayo yote; kiwandani ukuta ni wa chuma.

Ndipo kipimo cha kanieneo kinapohitajika. Wastani wa kanieneo pekee hautoshi, kwani tabaka tuli na tabaka linalobubujika huweza kutoa wastani uleule kwa kasi tofauti za hewa. Kinachotofautisha ni mitikisiko. Katika tabaka tuli mkengeuko wastani huwa mdogo mno. Bubujiko likiwa thabiti, mitikisiko huwa ya wastani tena yenye mpigo, kiasi kwamba uchanganuzi wa Fourier huonyesha kilele kimoja bayana. Mapovu yakitawala, kilele hicho mara nyingi hufifia na nguvu ya mitikisiko kusambaa. Mabonge yakianza, mkengeuko huongezeka sana.

Vipimo sharti vichukuliwe kwa kasi inayozidi maradufu ya mtikisiko wa kasi kuliko yote unaochunguzwa, la sivyo kilele cha uongo hujitokeza. Aidha, viwango vya chombo kimoja havihamishiki hivi hivi kwenda kingine chenye umbo tofauti. Hata feni ina mpigo wake, nao huingia katika kumbukumbu; kwa hiyo chombo hupimwa kwanza kikiwa kitupu, kabla ya punje kumiminwa.