Changamwe: Kila kitu kinapita kwetu, nini kinabaki?

Ukishuka raundabauti ya Changamwe kabla jua halijakolea, usiulize njia. Fuata watu. Kuna wanaoteremka Kipevu kusaka kibarua bandarini na wanaokaza mwendo kuelekea mageti ya maghala. Waliochaguliwa wanaingia. Wengine utawakuta saa tatu wamerudi maskani, mahamri na mbaazi kwa deni. Nilipoacha chuo nilisimama kwenye hiyo foleni miezi kadhaa, kwa hivyo siandiki ya kusimuliwa.

Kwa asiyejua, Changamwe iko bara, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya Makupa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 131,882 hapa. Chaani, Port Reitz, Magongo, Kipevu, uwanja wa ndege wa Moi, matangi ya mafuta, vyote vimebanana. Ndege inapotua, mtu wa Magongo ananyamaza kidogo, kisha anaendelea na stori palepale alipoachia.

Reli ndiyo iliyotuweka kwenye ramani. Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, lakini nje ya kisiwa, sisi ndio treni ilitukanyaga kwanza. Jina Port Reitz ni la zamani zaidi: Reitz alikuwa luteni wa jeshi la majini la Uingereza, akaachiwa Mombasa aisimamie mwaka 1824. Hata mwaka hakumaliza, akafariki. Leo jina lake linaitwa na makondakta kutwa nzima, na sidhani kuna abiria anayemfikiria.

Halafu kuna Rifaineri. Kampuni yake iliundwa 1960 na Shell na BP, na mafuta ghafi yakaanza kusafishwa 1963, mwaka uleule wa Uhuru. Meli zilishusha mafuta kutoka Ghuba, hapa yanageuzwa petroli, dizeli, mafuta ya taa na gesi. Mwaka 1978 bomba la kuyasukuma hadi Nairobi likaanza kazi. Yaani gari la Nairobi likiwaka asubuhi, kuna uwezekano mkubwa petroli yake ilipita kwetu. Wazee wa mtaa wanasema kazi ya Rifaineri ilikuwa ya kuolea mke na kujengea mama nyumba. Septemba 2013 mitambo ya kusafisha ikazimwa. Mafuta sasa yanakuja yakiwa yamesafishwa huko nje, na matangi yale yamekuwa ghala. Wenye umri wangu tumeikuta Rifaineri kama jina la stage tu.

Lakini pigo lililotuuma sisi vijana ni la trela. Watu wa nje wanaona trela ni jam na vumbi. Sisi tunaona sahani. Dereva anayesubiri mzigo siku mbili anakula kwa mama fulani, anafuliwa nguo, anazibiwa pancha, anaweka chaji simu, analala gesti. Turnboi wake naye vilevile. SGR ilipoanza Mei 2017, kituo chake kikawa Miritini, jirani tu. Sote tulishangilia, mimi nikiwemo, kwa sababu nani hataki kufika Nairobi kwa saa tano? Kisha mwaka 2019 likatoka agizo kwamba kontena za kwenda Nairobi zipande treni. Kontena inatoka kwenye meli, inapita juu ya vichwa vyetu, inafunguliwa Embakasi. Gereji zikakauka. Vibanda vikafungwa kimoja kimoja. Watu wakaandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu, wakivaa nyeusi. Septemba 2022 Rais Ruto alipoapishwa alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Trela zimerudi. Vibanda vyote? La. Mtu akishauza sufuria zake akarudi kwao, tangazo halimrudishi.

Na viwanda vyenyewe havikutuletea mishahara tu. Owino Uhuru iko Mikindani, upande wa Jomvu, uliokuwa eneo bunge moja nasi hadi uchaguzi wa 2013. Hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watu risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na mwanawe akadhurika, ndiye aliyepiga kelele hadi mahakamani. Mwaka 2020 wakazi waliamuliwa fidia ya Sh1.3 bilioni, rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe miaka.

Usafiri wa kila siku? Daraja la Makupa la 2022 limesaidia sana. Zamani tulivuka kwa tuta lililoziba maji ya bahari, na trela moja ikiharibika pale, mji mzima unachelewa. Siku hizi shida iko kwenye nauli: mvua ikidondoka tu jioni, matatu inapandisha bei, na tuktuk wanajifanya hawakuoni. Ndipo utaona watu wakivuka Makupa kwa miguu, viatu mkononi, huku kontena zikiwapita kwa mwendo upande wa pili.

Jumatatu nitakuwa pale getini tena, si kwa kibarua, nampeleka binamu yangu. Kamaliza fomu four Novemba.