Ukabaila wa Ujapani Haukufa kwa Amri Moja

Kila yanapozungumzwa maendeleo ya mataifa, mfano wa Ujapani haukosi kutajwa. Husemwa kwamba nchi ile ilitoka katika ukabaila ikaingia katika zama za viwanda katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatuyapingi. Lakini wanachama na wafanyakazi hawana budi kujiuliza swali ambalo wenye kuyasifu mabadiliko hayo hulipita kando: gharama yake ililipwa na nani, na faida yake ilimfikia nani, na lini?

Tangu mwaka 1603 hadi 1868 Ujapani ilikuwa chini ya ukoo wa Tokugawa, ambao mkuu wake aliitwa shogun. Mfalme alikuwako Kyoto, lakini hakuwa na amri. Nchi iligawanyika baina ya makabaila zaidi ya 250 walioitwa daimyo, kila mmoja akiwa na ardhi yake, askari wake na kodi yake. Ili wasiasi, walilazimishwa kukaa Edo kwa zamu, na waliporudi makwao wake zao na watoto walibaki Edo kuwa rehani. Watu walipangwa kwa daraja za kuzaliwa: samurai, wakulima, mafundi na wafanya biashara, na chini ya wote walikuwapo waliohesabiwa kuwa najisi, kama wachuna ngozi. Mkulima ndiye aliyewalisha wote, wala hakuruhusiwa kushika upanga.

Mwaka 1853 manowari za Marekani, zikiongozwa na Perry, zilitia nanga karibu na Edo. Baada ya miaka michache mataifa ya nje yalikuwa yamejipatia mikataba isiyo ya haki, hata Ujapani haikuweza kujipangia ushuru wake wa forodha, wala kuwahukumu wageni waliokosa katika ardhi yake. Aibu hiyo iliwaamsha samurai wa Satsuma na Choshu, wengi wao wakiwa wa vyeo vya chini. Mwaka 1868 walimwangusha shogun, wakatawala kwa jina la Mfalme Meiji.

Kazi waliyoifanya ilikuwa kubwa. Mwaka 1871 himaya za makabaila zilifutwa, ikawekwa mikoa chini ya serikali moja. Na mwaka huo huo amri ilitolewa kwamba wale walioitwa najisi ni raia sawa na wengine. Mwaka 1872 ilitangazwa elimu kwa wavulana na wasichana, na reli ya kwanza ikafunguliwa baina ya Tokyo na Yokohama. Mwaka 1873 kila kijana, awe wa ukoo gani, aliweza kuitwa jeshini. Mwaka 1876 samurai walikatazwa kubeba panga, na posho zao za kurithi zikageuzwa kuwa hati za deni la serikali. Waliokasirika waliinuka mwaka 1877 chini ya Saigo Takamori, wakashindwa na jeshi lile lililojaa watoto wa wakulima.

Tuutazame sasa upande wa pili. Fedha za kazi hiyo zilitoka shambani. Kwa sheria ya 1873 kila mwenye ardhi alitozwa asilimia 3 ya thamani yake, tena kwa fedha taslimu, mvua inyeshe au isinyeshe. Wakulima walifanya ghasia, hata mwaka 1877 kodi ikapunguzwa kuwa asilimia 2.5. Wengi walizama katika madeni, wakauza mashamba, wakawa wapangaji juu ya ardhi ya baba zao. Mpangaji alimlipa mwenye shamba kwa mpunga, naye mwenye shamba akailipa serikali fedha; bei ya mpunga ilipopanda, faida ilikuwa ya mwenye shamba peke yake.

Binti za wakulima hao ndio waliojaza viwanda vya hariri na pamba. Baba alipokea fedha za mbele, na mtoto akalala kiwandani mpaka deni liishe. Sheria ya viwanda ilipitishwa mwaka 1911, ikaanza kutumika mwaka 1916, nayo iliruhusu wanawake kufanya kazi saa 12 kwa siku. Sheria ya 1900 ilikuwa imekwisha kuwabana wale waliowaita wenzao kugoma. Bunge lilikuwako tangu 1890, lakini waliopiga kura mwanzoni walikuwa kama mtu mmoja katika kila mia, yaani wanaume waliolipa kodi kubwa. Na taifa hilo lililoumizwa na mikataba ya wageni liliitwaa Taiwan mwaka 1895 na Korea mwaka 1910.

Wakulima wapangaji waliunda chama chao cha nchi nzima mwaka 1922, wakidai haki. Walisubiri hata Ujapani iliposhindwa vitani mwaka 1945. Ndipo wanawake walipopata kura, na vyama vya wafanyakazi vikapata sheria ya kuvilinda. Kwa sheria ya ardhi ya 1946, chini ya uangalizi wa Wamarekani, serikali ilinunua mashamba ya wenye ardhi na kuwauzia waliolima. Ardhi ya kupangisha, iliyokuwa karibu nusu ya mashamba yote, ilishuka hata kiasi cha sehemu moja ya kumi mwaka 1950.

Baina ya 1871 na 1946 ni miaka 75. Amri ya serikali yaweza kumtoa kabaila katika ngome yake kwa siku moja. Lakini kumtoa katika ghala la mkulima kwahitaji sheria ya ardhi, kura ya kila mtu, na chama cha wafanyakazi kisichoogopa polisi. Kwa hiyo tukiisifu Ujapani kwa reli zake na viwanda vyake, tusiwasahau wale waliovilipia kwa mpunga wao na kwa watoto wao.